Unga wa Kujazia? Majibu kwa Wanaoibeza Kemia Fizikia ya Dawa

Katika vyuo vinavyofundisha famasia, kemia fizikia ni miongoni mwa masomo yanayoogopwa kuliko yote, na maneno yanayosemwa dhidi yake hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Yakisemwa na mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani wa marudio, yanaeleweka. Kinachonisikitisha ni kuyasikia kwa wafamasia wenye leseni, kwa wenye maduka ya dawa, na hata kwa walimu wa masomo mengine ya fani hiyo hiyo. Kijana akiyapata kwa wakubwa wake huyaamini, akafaulu kwa kukariri, kisha akatoka kwenda kuwahudumia wagonjwa bila kujua nusu ya kile anachowakabidhi mikononi. Basi nayajibu hapa, dai kwa dai.

"Dawa ni kile kiini kilichoandikwa kwenye boksi. Vingine vyote ni unga wa kujazia."

Hili ndilo dai mama, mengine yote yamezaliwa nalo. Ni kweli kwamba ndani ya kidonge kuna wanga, laktosi, selulosi, na magnesiamu stearati inayozuia unga usinate kwenye mashine. Ni kweli pia kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibu malaria au kifafa. Kutoka hapo watu huruka moja kwa moja na kusema havina kazi.

Wagonjwa wa kifafa wa Brisbane, Australia, walilipa gharama ya fikra hiyo mwaka 1968. Walikuwa wakitumia kapsuli za fenitoini, dawa ambayo nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kiwango kinachodhuru ni finyu mno. Mtengenezaji alibadilisha kijazio: akaondoa kalsiamu salfeti, akaweka laktosi. Fenitoini haikuongezwa hata miligramu moja. Wagonjwa wakaanza kuyumba wakitembea, macho yakacheza, ulimi ukawa mzito. Damu ilipopimwa, fenitoini ilikuwa imepanda hadi kiwango cha sumu. Kalsiamu salfeti ilikuwa ikizuia sehemu ya dawa isifyonzwe, na dozi za wagonjwa wale zilikuwa zimepangwa kufuatana na kizuizi hicho bila mtu kukijua. Laktosi, ambayo hulowa maji kwa urahisi, iliiachia dawa yote.

Kuna tukio jingine la zamani zaidi, na baya zaidi. Mwaka 1937, kampuni ya S. E. Massengill ya Marekani ilitaka kuuza sulfanilamidi kama dawa ya maji. Sulfanilamidi haiyeyuki vizuri ndani ya maji, kwa hiyo mkemia wa kampuni akatafuta kiyeyushi kinachoiyeyusha, akakipata: diethilini glikoli. Ladha ikapimwa, rangi ikapimwa, harufu ikapimwa. Sumu ya kiyeyushi chenyewe haikupimwa. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi, na mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kulazimisha dawa zithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa. Diethilini glikoli haijaacha kuua. Mwaka 2022 ilikutwa, pamoja na ethilini glikoli, katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto nchini Gambia. Katika visa vyote viwili, kiini kilichoandikwa kwenye lebo sicho kilichoua.

"Maabara ikishathibitisha kwamba kiasi cha dawa kimetimia, hakuna cha kujadili."

Dai hili lina heshima zaidi kidogo kuliko la kwanza kwa sababu linasimama juu ya kipimo. Nami napenda vipimo. Lakini kipimo kinachosaga kidonge, kukiyeyusha chote kwa kemikali kali na kuhesabu kiini kilichomo, kinajibu swali moja tu: dawa ipo? Mgonjwa ana swali la pili: itatoka? Tumbo halina kemikali za maabara. Lina maji, asidi, chumvi za nyongo, na saa chache.

Mwaka 1971, madaktari wa New York walichapisha matokeo ya kuwapa watu wazima wenye afya vidonge vya digoksini, dawa ya moyo, kutoka kwa watengenezaji mbalimbali. Dozi ilikuwa ile ile, lakini viwango vya dawa katika damu vilitofautiana hadi mara 7. Kila kidonge kilikuwa na digoksini yake kamili. Tofauti ilikuwa katika jinsi kilivyotengenezwa, hasa kasi ya dawa kuyeyuka kutoka ndani yake.

Karibu zaidi na sisi ni karbamazepini, ambayo wagonjwa wengi wa kifafa Afrika Mashariki huitegemea. Fuwele zake kavu zikikutana na unyevu huvuta molekuli za maji na kujipanga upya. Kila molekuli ya dawa hubeba molekuli 2 za maji, na kidonge kinakuwa kigumu. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba vidonge hivyo vikihifadhiwa kwenye unyevu vinaweza kupoteza theluthi moja ya nguvu yake. Mtu akivipeleka maabara kupima kiasi cha karbamazepini, ataikuta yote. Fikiria Tanga, Mombasa, Lindi au Unguja wakati wa masika, kopo limeachwa wazi juu ya rafu, na mama anashangaa kwa nini mtoto aliyetulia miezi mingi ameanza tena kuanguka. Atalaumiwa kwamba hampi mtoto dawa. Mfamasia anayejua habari ya fuwele na maji ataomba kwanza kuliona kopo.

Na nani atasema dai hili baada ya kusikia habari ya ritonaviri? Kampuni ya Abbott iliiingiza sokoni mwaka 1996 kwa jina la Norvir, kama dawa ya maji na kama kapsuli zenye dawa iliyoyeyushwa. Ilikuwa mojawapo ya dawa zilizogeuza UKIMWI kutoka hukumu ya kifo kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Mwaka 1998 kapsuli zikaanza kushindwa mtihani wa kuyeyuka. Walipochunguza, waliona ndani yake fuwele ambazo hawakuwahi kuziona. Molekuli zilikuwa zile zile, atomu kwa atomu, lakini zilikuwa zimejikunja na kushikana kwa namna nyingine, iliyo imara zaidi na yenye umumunyifu mdogo sana. Kitu kigumu hupendelea hali yenye nishati ndogo. Fuwele za awali zilikuwa za mpito tu, na hakuna aliyekuwa ameligundua hilo. Tena, punje ndogo za fuwele mpya zikiingia mahali hufanya kazi ya mbegu: zinafundisha molekuli nyingine kujipanga kama zenyewe. Kwa muda, maabara zilizoguswa na mbegu hiyo zilishindwa kabisa kupata fuwele za zamani. Kapsuli ziliondolewa sokoni, na wagonjwa wakabaki na dawa ya maji yenye ladha mbaya sana mpaka kapsuli laini za kuwekwa kwenye friji zilipopatikana mwaka 1999.

Friji! Kwa mgonjwa wa kijiji kisicho na umeme, neno hilo peke yake lilitosha kumfungia mlango. Lopinaviri na ritonaviri, mchanganyiko ulioitwa Kaletra, nao ulianza na kapsuli laini zilizotaka baridi. Waliokuja kuufungua mlango huo ni wanakemia fizikia. Walichukua mashine ya aina inayotumika kutengeneza plastiki, wakayeyusha dawa pamoja na polima kwa joto, kisha wakaigandisha kwa namna inayozizuia molekuli zisipate nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Mwaka 2005 vidonge hivyo viliidhinishwa Marekani. Havikuhitaji friji, na mgonjwa mzima akashuka kutoka kapsuli 6 kwa siku hadi vidonge 4. Kiini hakikubadilika hata kidogo.

"Hesabu zake ni za watu wenye vichwa maalumu."

Sikubali. Sehemu kubwa ya hesabu zinazohitajika kuelewa uundaji wa dawa ni kuzidisha, kugawanya, na logi za kidato cha nne. Tatizo ni kwamba hufundishwa zikiwa zimetenganishwa na dawa, na mwanafunzi hapewi sababu ya kuzishika.

Chukua mchemraba wa dawa wenye upande wa sentimita 1. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6. Ukate uwe michemraba ya milimita 1: unapata 1,000, na maeneo yao kwa jumla ni sentimita za mraba 60. Endelea kusaga mpaka kila upande uwe mikromita 10, na jumla inafika 6,000. Uzito ni ule ule. Sasa, mwaka 1897 Arthur Noyes na Willis Whitney wa Massachusetts Institute of Technology walionyesha kwamba kasi ya kitu kuyeyuka hutegemea pengo kati ya kiwango cha juu ambacho maji yanaweza kubeba na kiwango ambacho yameshabeba. Waliowafuata wakaingiza eneo la uso katika mlinganyo huo. Ukiongeza eneo mara 1,000, kasi ya kuanza kuyeyuka inaongezeka kwa uwiano huo huo. Hapo ndipo utakapoelewa griseofulvini, dawa wanayopewa watoto wenye mapunye kichwani. Haipendi maji kabisa. Iliposagwa kuwa laini zaidi, dozi ya gramu 1 ilishuka hadi nusu gramu, na matokeo hayakupungua.

Logi nazo zinaogopwa bure. Aspirini ni asidi dhaifu yenye pKa ya 3.5. Maana yake ni kwamba, pH ya mahali ilipo ikiwa 3.5, nusu ya molekuli zake zina chaji na nusu hazina. pH ikipanda hadi 5.5, tofauti ni 2, kwa hiyo zenye chaji ni 100 kwa kila moja isiyo nayo. Ikifika 6.5, ni 1,000 kwa moja. Zenye chaji huyeyuka vizuri kwenye maji. Zisizo na chaji hupenya utando wa seli kwa urahisi zaidi. Mlinganyo unaoitwa wa Henderson na Hasselbalch, unaowatoa watu jasho, unasema hayo tu.

Mlinganyo wa tatu ni wa Svante Arrhenius, Mswidi, wa mwaka 1889, unaoeleza jinsi joto linavyoharakisha mmenyuko. Kwa dawa nyingi, nyuzi 10 za ziada huzidisha kasi ya kuharibika kati ya mara 2 na 3. Kidonge cha aspirini kilichokaa kwenye joto na unyevu kinanuka siki kwa sababu maji yameikata molekuli, na asidi ya siki ni kipande kimojawapo kilichobaki. Stoo ya nyuzi 35 na stoo ya nyuzi 25 haziwezi kuwa na tarehe moja ya mwisho wa matumizi, hata kama boksi linasema hivyo. Mwenye duka aliyeezeka bati bila dari angepaswa kuujua mlinganyo huu kuliko mtu yeyote.

"Mfamasia wa dukani anasoma lebo, inatosha."

Lebo inaagiza, haielezi. Na mgonjwa asiyeelezwa hufuata anachoona kina mantiki kwake.

Dawa mseto ya malaria, ALu, huja na maelekezo ya kunywa pamoja na chakula. Wengi husema ni kwa ajili ya kulinda tumbo, na mgonjwa anayetapika na asiyetamani kula huona hilo ni jambo la hiari. Ukweli ni kwamba lumefantrini iliyomo ndani yake hupenda mafuta na huchukia maji. Kwa watu wenye afya waliopimwa, mlo wenye mafuta uliongeza ufyonzwaji wake takriban mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu. Anayemeza vidonge vyote kwa siku 3 bila mafuta yoyote anaweza kumaliza dozi huku vimelea vikiwa vimeguswa juujuu tu. Hahitaji biriani: maziwa kidogo au uji wa karanga unafaa. Lakini maziwa hayo hayo, mgonjwa akiyanywa pamoja na tetrasaiklini au siprofloksasini, kalsiamu yake huikamata dawa na kuizuia isifyonzwe. Anayekariri atachanganya mawili hayo siku moja. Anayejua kwamba moja ni habari ya umumunyifu katika mafuta na jingine ni habari ya dawa kufungwa na madini hawezi kuyachanganya.

Amoksilini ya watoto huuzwa ikiwa unga kwa sababu ndani ya maji pete yake ya beta-laktamu huanza kuvunjika. Ndiyo maana, ikishachanganywa, ina siku 7 au 14 kulingana na lebo, na chupa iliyobaki haihifadhiwi kwa ajili ya mdogo wa mgonjwa atakayeugua mwezi ujao.

Kuhusu kuponda vidonge kwa wagonjwa wasioweza kumeza, sitasema mengi. Kidonge cha nifedipini kilichotengenezwa kutoa dawa polepole, kikipondwa, humwaga dozi ya saa nyingi kwa mara moja, na shinikizo la damu la mgonjwa linaweza kuporomoka vibaya. Si kila kidonge kiko hivyo, na kazi ya mfamasia ni kujua kipi ni kipi.

Kisha kuna agizo la "tikisa kabla ya kutumia", ambalo hudharauliwa kuliko yote. Chembe za dawa katika maji huzama, na kanuni ya Stokes inasema kwamba chembe yenye kipenyo mara mbili huzama kwa kasi mara 4. Basi mtu atadhani chembe ndogo kabisa ndizo bora. La! Chembe ndogo zinazosukumana kwa chaji zake huzama polepole, zikajipanga chini kwa kubanana mpaka zikawa tabaka gumu lisiloinuka hata ukitikisa kwa nguvu zote. Watengenezaji mara nyingi huchagua kinyume chake: huziacha chembe zishikane kwa ulegevu katika mafungu, zizame haraka, lakini ziinuke kwa mtikiso mmoja. Chupa inayoonekana kuwa na mchanga mwingi chini huenda ndiyo iliyotengenezwa kwa ustadi zaidi. Mzazi akiirudisha dukani akidhani imeharibika, ni vizuri akutane na mtu anayeweza kumweleza hivyo, na kumwonyesha kwamba dozi ya kwanza isiyotikiswa ni maji matamu, na ya mwisho ni dawa kupita kiasi.

"Dawa zetu zinatoka India. Hayo ni mambo yao."

Nyingi zinatoka nje, ni kweli. Lakini Universal Corporation ya Kikuyu, Kenya, ilikuwa ya kwanza Afrika kupata kibali cha Shirika la Afya Duniani kwa vidonge vya SP (sulfadoksini na pirimethamini) vya malaria, mwaka 2023. Kiwanda cha Luzira, Kampala, kimetengeneza ALu na dawa za kupunguza makali ya VVU. Kiwanda cha Shelys kiko Dar es Salaam. Moshi kuna chuo cha famasia ambacho, kwa ushirikiano na Purdue University ya Marekani, kimewafundisha wataalamu wa viwanda na wakaguzi wa dawa kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Viwanda vyetu hununua viini vingi kutoka India na China, na hapo ndipo hatari ilipo: ukibadilisha muuzaji, unaweza kupata kiini kile kile chenye ukubwa tofauti wa chembe au umbo tofauti la fuwele. Msimamizi asiyejua kisa cha digoksini atasaini kupokea mzigo huo bila kuuliza swali.

Na uundaji wa dawa kwa mazingira ya joto si kazi tunayopaswa kusubiri tufanyiwe. Mfano ninaoupenda ni ORS, unga wa chumvi na sukari wa wanaoharisha. Zamani pakiti ilikuwa na bikaboneti, ambayo katika joto na unyevu ilisababisha glukosi kuwa ya kahawia na unga kuganda. Ikabadilishwa kuwa sitrati, na pakiti ikadumu. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukali wa mchanganyiko ukashushwa kutoka miliosmoli 311 kwa lita hadi 245, kwa sababu maji hufuata mahali penye chembe nyingi, na maji mazito mno kwa chumvi na sukari hushindwa kumfaidi mtoto anayeharisha. Gramu 20.5 za chumvi na sukari katika lita moja, na kila gramu ina sababu yake. Hakuna siri ya Ulaya ndani yake.

"Bila maabara za kisasa somo hili halifundishiki."

Mashine zinahitajika, sibishi, na vyuo vinavyozikosa vina haki ya kuzidai. Lakini zipo sheria ambazo mwanafunzi anaweza kuzipima kwa saa ya simu, kipimajoto, rula na glasi. Aache chupa ya dawa ya maji isimame, apime kwa rula kimo cha mashapo kila baada ya dakika 10, kisha aongeze sharubati nzito ya sukari kwenye sampuli nyingine na aone kasi inavyopungua. Achanganye mafuta na maji, aongeze kiini cha yai kwenye glasi moja na asiongeze kwenye nyingine. Achukue vidonge vya vitamini C vinavyotoa mapovu, avitumbukize katika maji ya nyuzi 10, 20, 30 na 40, kiasi cha maji kikiwa sawa, na aandike kila kimoja kilichukua sekunde ngapi kwisha. Agawe 1 kwa kila muda apate kasi, achukue logi yake, aichore dhidi ya 1 gawanya kwa jotoridi la Kelvini. Nukta zitakaribia mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo utampa makadirio ya nishati ambayo mabadiliko hayo yanahitaji ili yaanze. Viwandani, wanaoweka sampuli katika nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi 6, ili wakadirie dawa itadumu muda gani kwenye rafu, wanaanzia kwenye kanuni hiyo hiyo.